Kutoka jikoni Nungwi mpaka hoteli ya Dubai: jinsi ya kuitafuta kazi bila kumlipa mtu

Asalaam alaykum jamani. Kila wiki napata meseji mbili tatu za vijana wa mahotelini, "kaka nifanyie mpango wa Dubai". Mie mpango sina, mie mpishi tu, nimekaa Dubai miaka mitano nikarudi na sasa niko Nungwi. Lakini njia naijua mana nimeijaribu mara mbili, ya kwanza nikaliwa milioni moja na laki mbili, ya pili nikaenda bila kumlipa mtu hata shilingi, na hio ya pili ndo naiandika hapa. Haya ni ya kazi za hoteli, jikoni, weta, hausikipingi. Kazi za majumbani zina sheria yake mbali (kule ni namba 9 ya mwaka 2022), hizo usiende kichwa kichwa, pita kwanza Kamisheni ya Kazi hapa hapa Unguja uulize wakala gani kasajiliwa.

HATUA YA 1: Anzia hapo ulipo

Watu wanadhani kazi ya Dubai inatafutwa Dubai. Inatafutwa Nungwi, Kiwengwa, Paje. Shefu wako Mhindi, meneja wako wa Sri Lanka, yule mama wa hausikipingi kutoka Kenya, wengi wao washapita Ghuba au wana watu wao huko, na mtu wa hoteli akitaka mfanyakazi anawauliza wenzake kwenye WhatsApp kabla hajatangaza popote. Mie shefu wangu alihamia Dubai, miezi minane baadae akaniandikia kaniuliza bado upo pale pale? Basi, ndo ilivoanza.

Kwa hio kaa hoteli moja angalau miaka miwili, usiwe mtu wa kuhama kila msimu kwa kufata elfu thelathini. Bosi akiondoka chukua namba yake, mtumie salamu Diwali yake au Krismasi yake, sio umkumbuke siku unayotaka kazi.

Na usijidanganye na Kiarabu cha chuo cha Kurani. Jikoni kule utasikia Kiingereza na Kihindi kutwa nzima, na mie nlikwenda najua kusoma Kiarabu vizuri tu lakini kumwambia mtu nipe sufuria ile nikawa naonesha kwa kidole.

HATUA YA 2: Makaratasi, yafanye masika

Aprili na Mei hoteli nyingi huku zinafunga au zinapunguza watu, wengi tunakaa maskani tunacheza karata. Huo ndo wakati wa makaratasi. Kule msimu wao ni wa baridi, kuanzia Oktoba, kwa hio hoteli zinasaka watu miezi ya Julai, Agosti, Septemba, ukiwa huna paspoti mwezi huo nafasi anachukua Mnepali.

Paspoti inaombwa mtandaoni halafu unakwenda Uhamiaji, jiwekee laki na nusu. Uwe na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa (NIDA), barua ya sheha, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au hati ya kiapo, hapa ndo wengi wanakwama mana wazee wetu wengi hawana vyeti. Na TIZAMA MAJINA. Kama cheti cha skuli kimeandika Khamis kwa K-h na cheti cha kuzaliwa kimeandika Hamisi, rekebisha sasa hivi, ukiacha litakurudia kila dirisha utakalosimama. Chukua na hati ya polisi ya alama za vidole.

Jengine watu hawalisemi. Ukifika kule kabla ya kupewa ukaazi unapimwa damu na kupigwa eksirei ya kifua, wanatafuta ukimwi na kifua kikuu, ukikutwa nao unarudishwa. Kapime mwenyewe hapa kimya kimya kabla hujaacha kazi yako.

HATUA YA 3: CV

Ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili. Toa "napenda kusoma na kutizama mpira". Weka namba. Badala ya kuandika "mpishi mwenye uzoefu" andika ulikuwa stesheni gani (sehemu gani ya jikoni), wageni wangapi, mko wangapi. Mie niliandika: brekfasti ya wageni 180, wapishi watatu, mayai na mikate ni mimi. Shefu akisoma hapo keshakujua. Kama una cheti cha chuo cha utalii Maruhubi kiweke juu. Waliokufundisha kazi waweke mwisho na namba zao, lakini waambie kwanza, mana akipigiwa akasema "nani huyo?" umekwisha.

HATUA YA 4: Omba

Omba kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, sehemu ya ajira, hata kama kuna mtu wa ndani anakusaidia, mana mfumo wao lazima uone jina lako. Jiweke na LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi. Kuwa na daftari uandike umeomba wapi tarehe gani. Usikate tamaa, mie zaidi ya arobaini hawakujibu kabisa.

HATUA YA 5: Intavyu

Itakuwa ya video. Kwanza saa. Dubai wako mbele yetu saa moja, wakikwandikia 10:00 ya kwao ni saa tatu asubuhi ya kwetu. Rafiki yangu aliona 10 akasoma saa kumi, akakoga, akavaa shati jeupe, akakaa mbele ya simu alasiri, wenzie washafunga afisi. Mpaka leo tunamwita Saa Kumi.

Tafuta chumba kisichokuwa na jogoo wala watoto, weka bando la kutosha. Maswali ya jikoni hayana siri: friji iwe nyuzi ngapi (5 kushuka chini), chakula cha moto kikae ngapi (60 kupanda juu), ubao wa kukatia mwekundu wa nini (nyama mbichi), wa buluu (samaki), wa kijani (mboga na matunda). Halafu watakuuliza siku mgeni alikasirika ulifanya nini. Toa kisa cha kweli, kifupi. Usiseme hajawahi kukasirika mgeni, hakuna atakayekuamini.

HATUA YA 6: Ofa, hapa TULIA

Hapa ndo nilipoliwa mara ya kwanza. Jamaa simtaji, aliniletea karatasi ina nembo ya hoteli kubwa, ina mihuri miwili, moyo ukanidunda nikauza pikipiki. Ile karatasi ninayo mpaka leo. Sasa nikiitizama naona jina la hoteli limekosewa herufi, na barua pepe ya chini ni ya Gmail. Hoteli kubwa haikuajiri kwa Gmail ndugu yangu, tizama kilichoandikwa baada ya ile alama ya @, kilingane na tovuti ya hoteli herufi kwa herufi. Pesa nilituma kwa simu, "ya viza". Wiki ya pili namba haipatikani, nikenda mpaka nyumba aliyokuwa akikaa naambiwa kahama.

Sheria yao ya kazi, namba 33 ya mwaka 2021 ilioanza Februari 2022, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumuajiri. Kwa hio ukiambiwa toa hela ya viza, swali lako liwe moja tu: kwa nini nilipe mie?

Ofa ya kweli ina namba ya wizara yao ya kazi, unaingia tovuti ya wizara hio unaihakiki. Fanya hivo kabla hujamwambia hata mama.

Halafu soma mshahara. Utaona jumla dirham 1,500 (dirham ndo pesa ya kule), kama dola 408 hivi. Usishangilie, shuka chini uone mshahara wa msingi ni ngapi. Kiinua mgongo unahesabiwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka (ukishatimiza mmoja, na ni kwa miaka mitano ya mwanzo), ovataimu nayo inahesabiwa kwa msingi. Msingi ukiwa 800, kwa miaka miwili unaondoka na 1,120. Msingi ukiwa 1,200, jumla ile ile 1,500, unaondoka na 1,680. Tofauti dirham 560 na jasho ni lile lile. Uliza pia malazi, chakula cha kazini, tiketi, na muda wa majaribio, usizidi miezi sita.

HATUA YA 7: Viza na safari

Unangoja viza ya kazi. Usiende na viza ya kutembea ukasema nitatafuta hukohuko. Kuna kijana wa mtaani kwetu alilala chumba kimoja na watu wanane mpaka siku zake zikakatika, na kufanya kazi kwa viza ile ni kosa, ukikamatwa ni faini.

Usiache kazi yako mpaka viza imetoka na tiketi imetoka. Piga picha kila karatasi, moja mwachie mtu wa nyumbani. Ukifika wakiichukua paspoti kwa ajili ya ukaazi, sawa, lakini wakimaliza uidai, kukuwekea sheria hairuhusu.

Na wapishi, kisu chako kiweke kwenye begi la kupakiwa chini, sio la mkononi. Changu kizuri kabisa nilichonunua kwa tipu za Ramadhani nzima kilibaki kwenye meza ya ukaguzi uwanjani.