Mtoto anayepiga, kuiba na kuvunja: pa kuanzia kabla ya kumwita sugu

Mtoto wa miaka mitatu anayeuma wenzake bado anakua. Wa miaka minane aliyepigana mara moja kwa kunyang'anywa gololi naye hana ugonjwa. Madaktari huanza kuzungumzia tatizo la mwenendo pale mtoto anapofanya, ndani ya miezi 12, mambo yasiyopungua matatu ya aina hii: kuonea na kutisha wenzake, kuanzisha ugomvi, kushika chupa au jiwe kama silaha, kutesa watu au wanyama, kuchoma au kuharibu mali makusudi, kuiba, kudanganya ili apate kitu, kutoroka shule, kulala nje bila ruhusa. Angalau moja liwe limetokea katika miezi 6 iliyopita, na masomo yake au maisha ya nyumbani yawe yameharibika kwa ajili hiyo. Ukaidi na ubishi peke yake huhesabiwa tatizo jingine, jepesi zaidi, ingawa tiba zake zinafanana. Dalili zikianza kabla ya miaka 10 kwa kawaida hudumu kuliko zinazoanza ujanani, kwa hiyo kusema "ataacha akikua" ni kamari mbaya hasa kwa mtoto mdogo.

Ugomvi unavyofundishwa

Tazama jioni moja uani, nyumba ya kupanga, Mbagala au Tandale, Dar es Salaam. Mama yuko jikoni, anasema, "Zima hiyo simu." Mtoto kimya. Mama anarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne kwa ukali. Mtoto anapiga mayowe na kurusha kifuniko cha sufuria, wapangaji wanachungulia. Mama anaona aibu: "Haya, kaa nayo!" Mayowe yanakoma papo hapo. Wote wawili wamelipwa, mmoja simu, mwingine utulivu, na kesho mtoto ataanzia kwenye kifuniko. Siku mama akichapa, mtoto ananyamaza, naye mama anaamini fimbo imefanya kazi. Ugomvi unaofuata unaanzia juu zaidi, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ataachia akizidiwa nguvu. Mwanasaikolojia wa Marekani Gerald Patterson ndiye aliyeuchambua mzunguko huu kwa kina, na tiba nyingi zenye ushahidi kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 zimejengwa juu ya kuuvunja. Ndiyo maana anayefundishwa kwanza ni mlezi. Wengi hukwazika wakiambiwa hivyo, lakini kumpeleka mtoto peke yake kwa mshauri na kumrudisha kwenye uani uleule hakusaidii sana.

Kwanza mwili wake

Kabla ya kubadilisha lolote, mpeleke akapimwe. Sikio lililotoa usaha kwa miaka hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia huonekana mkaidi. Maumivu ya selimundu, upungufu wa damu na usingizi mbovu wa mtoto anayekoroma huleta hasira. Kama anatumia fenobabitoni kwa kifafa, mweleze daktari, maana dawa hiyo huweza kumfanya mtoto awe na fujo. Usiikatishe mwenyewe, degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Uliza pia habari za ukosefu wa umakini na utundu uliopitiliza, usonji, na kuchelewa kujifunza. Mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma mara nyingi huona afadhali kufukuzwa darasani kuliko kusimamishwa asome mbele ya wenzake.

Tabia ikibadilika ghafla, kwa mfano mtoto mpole ameanza kupiga au kukojoa kitandani, fikiria kwamba kuna mtu anamuumiza au kumnyanyasa. Muulize faraghani, kwa upole, bila kumlisha majibu. Akisema, usianze kwa kuwaita wahusika kikao cha kifamilia. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kupiga ni bure.

Daftari la siku saba

Kila fujo ikitokea, andika mistari mitatu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, alipata nini baadaye. Usiandike "alikuwa mkorofi". Andika "alimpiga mdogo wake teke baada ya kunyimwa rimoti, nikampa rimoti." Mara nyingi wiki moja inatosha kuonyesha kwamba fujo nyingi zinakaa kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku, mtoto ametoka shule na njaa, mlezi naye ametoka kugombania daladala. Hapo kipande cha muhogo saa 10 na nusu ni tiba, usikidharau.

Amri na malipo

Amri za kupaza sauti kutoka jikoni ndizo zinazoharibu. Msogelee mpaka umbali wa mkono, mwite jina, subiri akutazame, kisha toa amri moja anayoweza kuitii sasa hivi: "Hamisi baba, weka jiwe chini." "Acha utundu" haisemi afanye nini. Hesabu tano kimoyomoyo. Akitii, msifu kwa kutaja alichofanya: "Umeweka chini mara moja, vizuri." Asipotii, rudia mara moja tu pamoja na matokeo madogo unayoweza kuyatekeleza: "Usipoweka chini, hutacheza mpira jioni hii." Hesabu tano tena, kisha tekeleza bila hotuba. Usitishie usichoweza kukifanya; kumwambia "nitakuuza" kunamfundisha kwamba maneno yako ni upepo.

Kila siku mpe dakika 10 za kucheza naye, yeye akichagua mchezo, wewe ukifuata bila kusahihisha wala kuuliza habari za shule. Walezi wengi huliruka hili wakiona ni kumdekeza. Likirukwa, sifa na adhabu zote hupungua nguvu, kwa sababu mtoto hana cha kupoteza kwako.

Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 10, chukua kopo na vizibo vya soda. Chagua tabia moja, kwa mfano kutopiga mtu. Gawa jioni vipande vya nusu saa. Kila kipande kikipita bila kupiga, kizibo kinaingia koponi, naye asikie kikilia. Vizibo vitano avibadilishe siku hiyohiyo kwa kitu kisichogharimu: kuchagua katuni, kuamua mboga ya kesho, kuchelewa kulala dakika 15. Mpango huu hufa kwa makosa matatu: malipo ya mwisho wa mwezi, lengo la juu mno siku ya kwanza, na kumnyang'anya vizibo alivyokwisha pata. Cha jana ni chake hata leo akivunja kioo.

Akipiga, mwondoe kwenye raha kwa muda mfupi. Kigoda pembeni ya ukuta, mahali unapomwona, dakika moja kwa kila mwaka wa umri. Njia hii inafaa zaidi miaka 3 hadi 8. Usimfungie chooni wala chumbani. Kwenye uani wenye watoto kumi tatizo ni watazamaji, kwa hiyo waondoe wao, ama wewe geuka usimsemeshe. Fujo ikiwa kali, usimfuate aliyekasirika. Waondoe wadogo, kisu, mwiko na jiko la mkaa, ongea maneno machache kwa sauti ya chini. Kuonya na kufundisha ngoja mpaka atulie kabisa.

Siku za mwanzo fujo zitaongezeka. Mayowe yaliyokuwa yakilipa yameacha kulipa, basi mtoto anaongeza dau. Mlezi akilegea siku ya nne, amemfundisha kwamba inabidi apige mayowe kwa siku nne. Bibi, shangazi na dada wa kazi lazima wawe na kanuni moja kabla hamjaanza, la sivyo mtoto atakwenda anakopata.

Shuleni

Omba mwalimu wa darasa ajaze kadi ya kila siku yenye mambo mawili tu, kama "hakupiga" na "alikaa mahali pake", kwa alama ya vema kila kipindi. Nyumbani lipa kwa alama za vema alizopata. Usimchape kwa kadi tupu, kwani kadi za kesho zitapotea njiani.

Dawa, na kumhamisha

Hakuna kidonge kinachotibu mwenendo. Mwenye tatizo la umakini anaweza kufaidika na methylphenidate. Risperidone hutumika kwa ukali uliozidi, kwa muda mfupi, chini ya daktari wa magonjwa ya akili. Huongeza uzito na usingizi, kwa hiyo apimwe uzito kabla na kila anaporudi, na kama wiki 6 zimepita bila nafuu ya maana inasitishwa. Usimpe diazepam ya jirani ili alale, baadhi ya watoto huwa na fujo zaidi.

Kumpeleka bweni au kijijini kwa bibi huwapumzisha wakubwa. Kwa mtoto, bweni lililojaa waliofukuzwa kwingine ni shule ya mbinu mpya, na bibi wa miaka 70 hana nguvu za kumfuatilia. Kwa kijana wa miaka 11 na zaidi, fuatilia yuko wapi, na nani, anarudi saa ngapi, tena kila siku.

Akishika kisu, akiwasha moto, akiumiza sehemu za siri za mtoto mwingine au akisema anataka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: kwa Dar es Salaam ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, iliyo karibu nawe. Beba daftari.