Kuchora kichwa cha mtu: fuvu kwanza, macho baadaye

Picha nyingi za sura huharibika kwa sababu mchoraji ameanza na macho. Anayapendezesha, kisha ndipo anayatafutia kichwa. Utosi unatoka mfupi, kisogo hakionekani, masikio yamesogea mashavuni. Kichwa ni mfupa uliofunikwa na nyama chache, na mfupa huo una pande zinazotazama mbele, ubavuni, juu na chini. Pande hizo ndizo mabapa, na ndizo za kujifunza mwanzo.

Kabla ya penseli, tumia vidole. Pitisha kidole kwenye paji la uso kuelekea panja: utahisi ukingo mahali ambapo mbele inageuka kuwa ubavu. Shuka kwenye mfupa wa shavu, uufuate mpaka mbele ya sikio. Kisha uma meno: msuli wa kutafunia unatuna juu ya pembe ya taya. Kingo hizo ndizo zitakazobeba kivuli chako chote.

Kwenye karatasi ya A4, kwa penseli ya HB na mkono mwepesi, chora mpira wenye kipenyo cha sentimita 9. Fuvu halina uduara kamili, limebanwa ubavuni, kwa hiyo punguza kila ubavu kama chungwa lililokatwa pembeni, pabaki duara bapa la kipenyo cha sentimita 6. Gawa duara hilo kwa msalaba. Mstari wa mlalo ukizungushwa mpaka mbele ndio mstari wa nyusi. Sentimita 3 juu yake nywele zinaanza; sentimita 3 chini yake pua inaishia; 3 nyingine, kidevu. Urefu wote, utosini hadi kidevuni, ni sentimita 10 na nusu. Macho yapo katikati kabisa ya urefu huo, kidogo tu chini ya nyusi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuyapandisha. Mstari wa mdomo uko sentimita 1 chini ya pua. Sikio linakaa nyuma ya mstari wa wima wa duara la ubavuni, baina ya usawa wa nyusi na wa ncha ya chini ya pua. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Kila mtu ana tofauti zake, na ukivijua utaziona haraka.

Sasa mabapa. Paji lina bapa moja la mbele na mawili ya ubavuni. Chini ya nyusi mfupa unaingia ndani, na jicho ni mpira uliokaa kwenye shimo hilo. Pua ina mabapa manne: la juu, mawili ya pembeni, na la chini lenye matundu. Mdomo wa juu unatazama chini kidogo, wa chini unatazama juu, na yote miwili imezunguka mviringo wa meno. Ukiichora kwa mstari ulionyooka, uso mzima unalala bapa. Bapa linalosahauliwa zaidi ni la chini ya taya. Bila ya hilo, kichwa hakishikani na shingo.

Kwa mwanga, usianze na jua la saa sita. Zanzibar jua hilo linakuja karibu moja kwa moja kutoka juu: macho yanazama gizani, na uso unakuwa vipande vya mwanga na weusi. Mkalishe mtu karibu na mlango au dirisha, mwanga uje kutoka upande mmoja. Jaza kwanza mabapa yote ya kivulini kwa rangi moja ya penseli ya 2B, iliyo laini na nyeusi kuliko HB, bila ya kusugua kwa kidole. Ngozi nyeusi usiipake yote giza kisha ukaifuta. Acha karatasi wazi mahali pa mng'ao, kwenye paji, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Kanzu nyeupe au ukuta wa chokaa hurudisha mwanga chini ya taya. Uoneshe, lakini usiufanye mkali kuliko upande wenye mwanga.

Kofia ni msaada mkubwa. Chora fuvu zima kwanza, ndipo uivalishe. Wanaoichora moja kwa moja huiweka juu ya nyusi na paji likapotea. Ukingo wake unakwambia kichwa kimeinama kiasi gani. Wacheza bao wakiinama, ukingo unapinda kuelekea chini, na mistari ya nyusi, pua na mdomo lazima ipinde vivyo hivyo, huku masikio yakionekana kupanda. Kwa ushungi, acha nafasi ya unene wa kitambaa juu ya utosi.

Msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu na raba huichubua. Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja kinachotoka jasho. Kwa mazoezi, chora vichwa vidogo kumi kwa mabapa matupu, bila ya jicho hata moja, dakika tano kila kimoja, kutoka mbele, ubavuni na robo tatu, yaani uso ukiwa umegeuka baina ya mbele na ubavu.