Jinsi ya Kulinganisha Zana za Mkono Kabla ya Kununua

Anayezunguka maduka ya Kariakoo kutafuta zana za nyumbani asianze kwa kuuliza bei, bali aombe kwanza kuishika zana yenyewe. Kwenye nyundo, kagua mahali kichwa kinapokutana na mpini, kwa kuwa kichwa kinachocheza hata kidogo dukani kinaweza kuchomoka siku ya kazi; mpini wa mbao uwe na nyuzi zinazofuata urefu wake, tena usiwe na fundo. Plaisi ifunge na kuielekeza kwenye mwanga: makali yake yakiacha mwanya, haitakata waya mwembamba. Alama ya Cr-V kwenye spana au bisibisi humaanisha feleji iliyochanganywa na kromiamu na vanadiamu, ingawa alama ni rahisi kuigwa, nami huamini zaidi ncha inayokaa barabara kwenye skrubu.

Seti kubwa ya bei nafuu huvutia, lakini nyumbani spana zake nyingi hazitoki kamwe kwenye sanduku. Afadhali zana nne imara. Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari huharakisha kutu, zipanguse kwa mafuta mepesi kila baada ya kazi.