Ukileta mtoto wa paka, usimtupe sebuleni siku hiyohiyo

Nyie mnaookotaga watoto wa paka pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mnakaa nao mpaka wapate mtu wa kuwachukua, kama nyumbani una paka wakubwa tafadhali mfungie mgeni chumba chake peke yake kwanza, hata stoo inafaa, na beseni lake la mchanga na bakuli zake, akae kama wiki 2 hivi. Sio roho mbaya jamani, kuna kirusi cha kuharisha na kutapika kinaua watoto wa paka haraka sana na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 10, kwahiyo wakubwa wapate chanjo mapema.

Afu kinachosaidia kuliko vyote ni harufu, maana paka anamjua mwenzie kwa pua kabla ya macho, chukua kipande cha kanga mfute mdogo mashavuni ukiweke karibu na bakuli la wakubwa, na chao umpelekee yeye, ukiona wanakinusa wanapita zao basi anza kuwalisha huku na huku ya mlango uliofungwa, dagaa wa kuchemsha bila chumvi hakuna paka wa huku anakataa.

Siku ya kuonana iwe dakika chache tu na wewe upo hapohapo. Mkubwa akifanya hsss usimpige wala usimfokee, anaweka mipaka tu, ila akianza kumvizia au kumkimbiza watenganishe urudi hatua moja nyuma. Na mwachie mzee sehemu ya juu, kabati au dirisha, ambapo mdogo hafiki.