Fyuzi na dayodi dhidi ya nyaya za betri zilizogeuzwa

Redio, amplifaya ndogo au kifaa kingine cha volti 12 kinachounganishwa kwenye betri kwa vibanio kinaweza kukingwa kwa vitu viwili vya bei nafuu. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Kisha, baada ya fyuzi hiyo, lehemu dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya aina ya 1N5408 kati ya chanya na hasi, pete iliyochorwa kwenye mwili wake ikielekea upande wa chanya. Nyaya zikiwa sahihi, dayodi haipitishi umeme na kifaa hakipungukiwi volti, tofauti na dayodi ya kawaida iliyowekwa mfululizo kwenye waya wa chanya, ambayo hula takriban volti 0.7 muda wote. Nyaya zikigeuzwa, mkondo mkubwa hupita kwenye dayodi badala ya kifaa, na fyuzi hukatika. Kifaa hupata volti moja hivi ya kinyume, tena kwa muda mfupi mno. Kinga hii huvunjika kabisa pale mtu anapoziba fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya, jambo ninaloomba lisifanywe kamwe, kwa sababu dayodi itaungua na nyaya zinaweza kushika moto. Vilevile haitegemeki kwa betri ndogo za tochi, ambazo mara nyingi hazina nguvu ya kukata fyuzi upesi. Hapo ni afadhali dayodi ya Schottky, kama 1N5819, iliyowekwa mfululizo, kwa kuwa hula volti kidogo zaidi kuliko dayodi ya kawaida.