Kiingereza cha usukani: nilivyomnoa mpwa wangu kabla hajaanza kubeba wageni

Mpwa wangu alipata gari la kubeba wageni. Leseni anayo, na njia anaijua kuanzia uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Lakini wiki moja kabla ya kuanza alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Kiingereza kitaniumbua." Tukakaa jioni nne ndani ya gari, tumeegesha Capripoint, ziwa mbele yetu. Tulichofanya ni hiki, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Daftari

Dogo, la mfukoni, na kalamu. Programu za kutafsiri za kwenye simu sizipendi na wala sitajifanya nazipenda. Mtandao ukikatika unabaki bubu, na hata ukiwepo unapewa neno bila kuambiwa ni nani hulisema. Kushoto andika neno, kulia andika sentensi nzima utakayoitamka.

Hatua ya 2: Anza na unayoyajua

Boneti, buti, indiketa, klachi, giaboksi, rejeta, spea, jeki. Tayari una Kiingereza cha gereji, ila ni cha Uingereza, na ndicho kitakachokuchanganya ukimbeba Mmarekani. Kwake boneti ni "hood", buti ni "trunk", kioo cha mbele ni "windshield" badala ya "windscreen". Akisema mzigo wake uko kwenye "trunk", usiwaze tranka la bwenini, fungua buti. Andika yote mawili, ya Mwingereza na ya Mmarekani, kisha songa mbele.

Hatua ya 3: Maneno yanayokudanganya

Maneno usiyoyajua hayana shida sana, maana utauliza. Shida ni yale unayodhani unayajua.

Kipilefti, kwa mfano. Jina lenyewe tumelitoa kwenye "keep left", yaani baki kushoto. Ukimwambia mgeni mtakutana "at the keep left", atakukodolea macho. Sema "roundabout". Trafiki kwetu ni askari, lakini "traffic" kwa mgeni ni magari barabarani. Kwa hiyo ukisema "traffic stopped me" ataelewa ulikwama kwenye foleni. Askari ni "traffic police". Sheli ni kituo chochote cha mafuta kwetu, kwake ni kampuni moja tu. Sema "petrol station".

Safari nayo. Kwetu hata kwenda Sengerema kumsalimia shangazi ni safari. Mgeni akisikia "I have a safari tomorrow" anaanza kuuliza habari za simba. Safari ya kawaida ni "trip" au "journey".

Mafuta ndiyo hatari zaidi. Kiswahili kina neno moja kwa petroli, dizeli, oili ya injini na hata ya kukaangia sangara. Mpwa wangu kwenye mazoezi alisema "the oil is finished", akimaanisha tupitie sheli ya Buzuruga. Mgeni anayejua magari angemwambia azime injini hapo hapo. Sema "fuel", neno hilo wanalielewa wote. Na Mmarekani akiomba "gas", anataka petroli, usimpeleke kwenye mitungi.

Hatua ya 4: Kulia na kushoto

Wengi wetu tuliokulia Kisukuma, r na l hubadilishana mdomoni bila wenyewe kusikia. "Right" ikigeuka "light", mgeni anainua macho kutafuta taa. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu, kwenye r ya Kiingereza haigusi kitu. Jipime na neno "lorry", lina zote mbili. Jirekodi kwa simu usikilize (hapo simu ina maana). Na usiseme "cut right" kwa sababu tu sisi tunakata kona. Ni "turn right". Halafu nyoosha mkono pia, haikupunguzii heshima.

Hatua ya 5: Saa

Hapa usiruke hata mstari.

Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba wageni, mgeni aliniambia nimfuate hotelini Alhamisi, "at eight". Nikaandika 8 kwenye daftari. Jioni nikasoma 8, kichwani ikaingia nane, na Alhamisi nikafika saa nane mchana, nimeoga, gari linang'aa. Nilimkuta mlinzi tu. Mgeni alisimama na mabegi yake tangu saa mbili asubuhi, akasubiri, akachukua gari jingine. Kwa kuchelewa muda wa saa sita nilimpoteza, na pesa ya siku mbili Serengeti ikaenda.

Kosa halikuwa masikio. "Eight" nililisikia vizuri. Kosa ni kwamba mgeni anahesabu kuanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, mimi nahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama. Dawa yake: chora uso wa saa yenye mishale. Namba anayotaja mgeni, angalia iliyo upande wa pili kabisa, unaotazamana nayo. Hiyo ndiyo saa yetu. Nane inatazamana na mbili, saba na moja, kumi na mbili na sita. Mpwa wangu nilimchorea ndani ya jalada la daftari, na kabla ya kulala namtajia namba tano anipe jibu.

Ukishalijua hilo, bado kuna mitego.

"Half eight" kwa Mwingereza ni saa mbili na nusu. Lakini Mjerumani kwa lugha yake akisema nusu ya nane anamaanisha saa moja na nusu, na wapo wanaoibeba hiyo mpaka kwenye Kiingereza. Ukisikia "half", usitingishe kichwa, uliza: "Eight thirty?"

Usiku ni mtego mwingine. "Thursday night" ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Sisi kuna wazee wanaosema usiku wa Alhamisi wakiwa na maana ya ule wa kuamkia Alhamisi. Ndege ikitua saa saba usiku, kwa mgeni hiyo ni "one a.m." na tarehe imeshabadilika. Omba tarehe, usiridhike na siku.

Tena kuna tiketi za basi. Utakuta konda wa Nyegezi kaandika 12:00 asubuhi, mgeni anasoma "twelve" na kulala mpaka mchana. Mwandikie mwenyewe pembeni 6:00 a.m.

Mwisho, rudia miadi kwa kuifunga na mlo: "So, eight in the morning, after breakfast?" Kama ulikosea, chai ya asubuhi itakuumbua hapo hapo, kabla ya Alhamisi. Mimi sasa siondoki mbele ya mgeni bila sentensi hiyo, hata kama ni mtu niliyembeba mara kumi.

Hatua ya 6: Kupanda na kushuka

Gari dogo ni "get in" na "get out". Basi, meli, ndege, pikipiki na kivuko cha Kamanga ni "get on" na "get off". Chombo unachoweza kutembea ndani yake, au unachokaa juu yake, kinachukua "on".

Hatua ya 7: Gari likizingua

Halijafa, "it has broken down". Breki hazijakataa, "the brakes have failed", ingawa ukifika kwenye sentensi hiyo tafsiri si tatizo lako kubwa. Pancha ni "a puncture" kwa Mwingereza, "a flat tyre" kwa wote.

Hatua ya 8: Kuagana

"Have a safe journey" inatosha. Na akikupa noti kisha akasema "keep the change", chenji ni yako. Hili nilisahau kumwambia mpwa wangu, na siku ya kwanza alimfukuzia mgeni mpaka mlango wa uwanja wa ndege akamrudishia yote.