Kuandaa kumbukumbu za shamba kwa ajili ya hesabu ya kaboni

Mnunuzi wa mazao au benki inapomdai mkulima hesabu ya kaboni, yaani kiasi cha gesijoto (gesi zinazoipasha dunia joto) kinachotoka shambani mwake, swali la kwanza huwa: nitumie programu gani? Swali hilo liache kwanza. Programu zote huuliza mambo yaleyale: mbolea kiasi gani, ya aina gani, katika kitalu kipi, mifugo wangapi, dizeli lita ngapi. Ukiwa na majibu yaliyoandikwa vizuri, programu yoyote itakufaa. Usipokuwa nayo, hakuna itakayokuokoa. Kazi yangu ni kuandaa madaftari ya mashamba kabla hayajafika kwa mkaguzi, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Jambo moja lishike tangu mwanzo: daftarini usiandike kaboni, andika kazi iliyofanyika. Vizidishi vya kugeuza kazi kuwa gesijoto hubadilika. Katika ripoti ya mwaka 2013 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kilo moja ya oksidi ya nitrasi (gesijoto inayotokana na nitrojeni ya mbolea) ilihesabiwa sawa na kilo 265 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Katika ripoti ya mwaka 2021 ikawa 273. Aliyeandika tani za gesi peke yake hana pa kuanzia upya. Aliyeandika kilo za mbolea anabadilisha kizidishi tu, hesabu inajirudia yenyewe.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Chagua miezi 12 na usiibadilishe katikati. Kisha orodhesha vitalu vyote, ulivyonavyo na ulivyokodi, kila kimoja na jina lake la kudumu na ukubwa wake. Pima kwa simu ukizunguka mpaka kwa miguu, usitegemee ukubwa wa kukisia uliorithiwa. Chagua ekari au hekta (ekari 1 ni hekta 0.405) na uandike kipimo hicho kila mahali. Kitalu kikigawanywa, vipande vipewe majina mapya na tarehe ya kugawanywa iandikwe; jina la zamani lisitumike tena.

Andika pia historia ya ardhi kwa miaka 20 iliyopita. Njia ya msingi ya IPCC hugawa mabadiliko ya kaboni ya udongo kwa miaka 20, kwa hiyo msitu uliofyekwa miaka 12 iliyopita bado unaingia kwenye hesabu ya mwaka huu. Picha za setilaiti, hati za ardhi na maelezo ya wazee wa eneo vyote vinafaa kuwa ushahidi.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi kabla ya kufungua jedwali

Risiti za pembejeo, hati za kupokelea mzigo, bili za umeme, daftari la maziwa, kadi za chanjo, hata picha za mifuko ya mbolea. Risiti nyingi za mashine hufutika wino baada ya miezi michache, basi zipige picha siku hiyohiyo na uzipe majina yanayoanza na tarehe.

Hatua ya 3: Mbolea

Hapa ndipo nakuomba utulie zaidi. Kwenye mashamba mengi ya mazao, sehemu kubwa ya gesijoto hutokana na nitrojeni, na hapa ndipo madaftari mengi huandikwa kwa mkato: «mbolea, mifuko 4». Andiko hilo halihesabiki. Tazama kwa nini.

Mifuko 4 ya kilo 50 ni kilo 200. Ikiwa ni urea, yenye nitrojeni asilimia 46, umeweka kilo 92 za nitrojeni. Ikiwa ni DAP, yenye asilimia 18, umeweka kilo 36 tu. Kwa kizidishi cha msingi cha asilimia 1, kilo 92 zinatoa kilo 0.92 za nitrojeni iliyo ndani ya oksidi ya nitrasi. Zidisha kwa 44, gawa kwa 28 (uwiano wa uzito wa gesi na wa nitrojeni iliyomo), unapata kilo 1.45 za gesi yenyewe, ambazo kwa kizidishi cha 273 ni sawa na takriban kilo 395 za hewa ya ukaa. Urea pia huachia hewa ya ukaa inapoyeyuka udongoni: kwa kilo 200 hizo ni kilo 147 nyingine. Neno moja lililosahaulika daftarini linabadilisha hesabu ya kitalu kizima.

Kwa hiyo kila mstari wa mbolea uwe na tarehe, kitalu, jina kamili lililo kwenye mfuko pamoja na namba zake za virutubisho, kilo, na namna ilivyowekwa: ilimwagwa juu, ilifukiwa au iliyeyushwa kwenye maji. Ulichonunua si lazima kiwe ulichotumia. Chukua kilichokuwa stoo mwanzo wa mwaka, ongeza manunuzi, toa kilichobaki mwisho wa mwaka. Kama ulimwazima jirani mfuko, utoe pia.

Samadi ipimwe kwa uzito. Ukiwa huna mzani mkubwa, pima toroli moja iliyojaa mara kadhaa, tafuta wastani, kisha hesabu matoroli. Andika ni ya mnyama gani na ilikaa wapi kabla ya kupelekwa shambani. Chokaa iandikwe kama ni ya kawaida au ya dolomaiti, kwa sababu vizidishi vyake havilingani.

Hatua ya 4: Mifugo

Idadi ya siku moja haitoshi, kwa kuwa zizi la Januari si zizi la Agosti. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, hesabu siku moja iliyopangwa kila mwezi, jumlisha miezi 12, gawa kwa 12. Wagawe kwa makundi: wanaokamwa, mitamba, ndama, madume. Andika waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa na waliouzwa, kila mmoja na tarehe yake.

Wanyama wanaofugwa kwa muda mfupi wana hesabu yao. Ukilea kuku wa nyama 500 kwa siku 45, mara tano kwa mwaka, jumla ni kuku 2,500, lakini wastani wa mwaka ni 2,500 mara 45 gawa kwa 365, yaani 308. Mkulima akijaza 2,500 kwenye fomu inayotaka wastani, amejibebesha mzigo mara nane ya ule alionao.

Eleza kinyesi kinaendaje: kinabaki malishoni, kinarundikwa kikavu, au kinakaa kwenye shimo la maji. Shimo la maji halina oksijeni na hutoa methani nyingi kuliko rundo kavu, hivyo fungu la kila njia liandikwe. Ongeza lita za maziwa na aina ya malisho kama unazo.

Hatua ya 5: Mafuta na umeme

Lita za dizeli na petroli, na usomaji wa mita ya umeme mwanzo na mwisho wa mwaka. Gari linalotumika shambani na nyumbani liwe na daftari la kilomita. Trekta la kukodi nalo linahusika: muombe dereva lita alizotumia, au andika hekta zilizolimwa na aina ya jembe.

Hatua ya 6: Masalia, mpunga, miti, udongo

Masalia ya mazao yalifukiwa, yalilishwa mifugo au yalichomwa? Kwa mpunga, andika tarehe ya kujaza maji na kila tarehe ya kuyatoa. Miti ipimwe kipenyo cha shina mita 1.3 kutoka ardhini.

Udongo upimwe pale tu mradi unapotaka. Asilimia ya kaboni peke yake haitoshi; unahitaji pia uzito wa udongo kwa ujazo na kina. Kaboni asilimia 1.5, gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, kina cha sentimita 30: zizidishe, unapata tani 58.5 za kaboni kwa hekta. Hakikisha maabara imeandika kaboni na si mboji ya udongo, kwa maana kaboni ni takriban asilimia 58 tu ya mboji hiyo.

Hatua ya 7: Jedwali moja, kisha ukaguzi

Safu zangu ni hizi: tarehe, kitalu, kazi, kitu, kiasi, kipimo, ushahidi, na «imepimwa» au «imekadiriwa». Makadirio si aibu. Kuyaficha ndiko kunakoharibu kazi. Sufuri ina maana kazi haikufanyika, nafasi tupu ina maana haijulikani. Usizichanganye kamwe.

Mwisho gawa kila kiasi kwa ukubwa wa kitalu. Kitalu kikionyesha nitrojeni mara mbili na nusu ya vingine, mara nyingi eneo lake liliandikwa kwa hekta huku vingine ni ekari. Rekebisha, ambatanisha ukurasa mmoja unaoeleza mipaka na makadirio yako, tuma. Nakala uliyotuma ifunge na kuipa tarehe. Marekebisho yoyote ya baadaye yafanyike kwenye nakala mpya.